Mahali Pazuri pa Kura

Nilianza kuipenda kazi yangu nikiwa natazama mgongo wa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa fundi wa kuandika mabango, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi pale Mwanza. Siku aliyokuja kuandika jina la shule ukutani, mwalimu mkuu alinituma nisimame nyuma yake asije akatuandikia vituko. Fundi alikuwa na sifa mbili mjini. Kwa mkono hakuna aliyemfikia, na kwa L na R hakuna aliyemwamini.

Alikuwa Msukuma wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, mtu wa umri wa baba yangu mdogo. L ilikuwa ndugu yake, R ndiyo iliyokuwa mgeni kinywani. Habari ilikuwa habali, biashara ilikuwa biashala, na kwa kuwa aliandika kama alivyosema, mjini kulikuwa na vibao vyake kadhaa ambavyo watu walivisoma huku wakicheka. Lakini herufi zenyewe! Alinyoosha uzi wenye vumbi la chaki, akaupiga ukutani ukaacha mstari, akachora, kisha akachovya brashi na kuishusha S kwa pumzi moja, bila kurudia. Mimi nilikuwa nimeandika S ubaoni miaka mitatu mfululizo na sikuwahi kuiona. Siku ile niliiona. Nikasahau kwamba nimetumwa kukagua, nikabaki nimesimama mdomo wazi mbele ya wanafunzi wangu.

Sikuwa mwalimu mbaya. Nilikuwa mwalimu asiyependa kufundisha, na nadhani watoto walijua. Baba yangu, karani mstaafu aliyehamia Mwanza kutoka Kagera na masanduku mawili ya vitabu, ndiye aliyenichagulia kazi ile, na nyumbani kwetu binti kuwa mwalimu lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu, halikuwa la kujadiliwa. Niliamka, nikafundisha, nikasahihisha madaftari, nikarudi nyumbani. Niliamini kila mtu anafanya kazi hivyo, na wale wanaodai kufurahia kazi zao wanatia chumvi tu.

Fundi alipokuwa anafunga makopo yake nilimuuliza kama naweza kuja kumtazama tena.

"Mwalimu mzima unakuja kutazama langi?" Alicheka, halafu akafikiri kidogo. "Haya, njoo. Mimi utanitazamia maneno."

Basi hayo yakawa makubaliano yetu. Masomo yakiisha saa nane mchana, nilimfuata popote alipokuwa. Niliandika maneno ya mteja kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari, yeye akayanakili ukutani kwa chaki, na kabla hajagusa rangi aliniita nisome. "Mwalimu, iko sawa?" Nikisema iko sawa, anachovya brashi. Hakupaka hata nukta bila neno langu, wala hakuona haya kuniuliza mbele ya watu. Alisema kila fundi ana jicho lake bovu, na yeye amebahatika kuazima zima.

Ilikuwa enzi ya ruksa, serikali ilipoanza kuachia biashara za watu binafsi. Maduka ya ushirika yalikuwa yakifungwa, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa ukuta akaweka dirisha la duka. Saluni, mashine za kusaga, nyavu, mitumba, dawa za mifugo, kila mmoja alitaka jina lake liandikwe kubwa kuliko la jirani. Fundi hakuwa na nafasi ya kupumua, na mimi taratibu nikapewa brashi. Aliniruhusu kujazia, yaani kupaka rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzichora yeye. Kuchora, hapana. "Mkono wako bado una halaka," aliniambia. Alikuwa anasema kweli, nami nilichukia kuambiwa.

Siku moja kwa utani nilimpa kanuni. "Fundi," nilimwambia, "ulimi wako unapenda L mno. Ukiwa na mashaka, weka R." Alicheka sana, lakini aliishika. Watoto wa darasa la tatu hawakuwahi kushika kanuni yangu yoyote namna ile.

Kisha likaja la Buzuruga. Mama mmoja alikuwa anafungua hoteli ya chakula kando ya barabara ya kwenda Musoma. Ukuta wake wa pembeni ulikuwa mrefu, mweupe, hauna hata dirisha moja, na kila gari linaloingia mjini lingeuona. Alitaka maneno manne tu: MAHALI PAZURI PA KULA. Nilipoutazama ukuta ule nilijikuta naupima kwa hatua. Nilimwomba fundi aniachie nichore mwenyewe hata neno moja. Akakataa. Nikaomba tena, mbele ya yule mama.

"Huu ni ukuta wa watu, mwalimu," alisema bila ubaya wowote. "Si daftali."

Yule mama akacheka. Mimi sikucheka, na usiku mzima nililirudia neno lile.

Kesho yake nilikuwa na zamu shuleni, nikachelewa. Mama alikuwa na haraka ya kufungua, akamsukuma fundi aanze bila karatasi yangu. Nilipofika fundi alikuwa juu ya ngazi na chaki ilikuwa imeshapita ukuta mzima. Maneno yote manne yalikuwa pale, mazuri kuliko chochote nilichowahi kuona akikichora, yamekaa kwa nafasi zake kama watu wanaoheshimiana. MAHALI alikuwa amelipatia. PAZURI pia. Neno la mwisho lilikuwa KURA. Alifika pale akapata mashaka, akafuata kanuni yangu.

"Mwalimu, iko sawa?" aliuliza toka juu.

Niliiona ile R. Niliiona kama mtu aonavyo nzi kwenye maziwa. Sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa nimechoka au jua lilikuwa machoni. Niliiona, na katika muda ule mfupi nilipiga hesabu zangu zote: kwamba mama atakasirika, kwamba ukuta utapakwa upya, na kwamba atatafutwa mtu anayejua tofauti ya kula na kura.

"Iko sawa, fundi," nilisema.

Akachovya brashi. Alipomaliza kuchora kwa rangi nikapanda ngazi kujazia kama kawaida. Ile R niliijazia kwa mkono wangu.

Ulikuwa mwaka wa kampeni za vyama vingi, na watu hawakuzungumza jambo lingine. Asubuhi yake, saa nne haijafika, wahuni wa stendi walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa yule mama wakidai karatasi za kupigia kura. Mmoja alinyoosha kidole akitaka kupakwa wino. Saa sita mtendaji wa kata akaja mwenyewe kwa miguu kuuliza ni nani aliyeruhusu kituo cha kupigia kura kwenye nyumba ya pilau, na ni cha chama gani. Hayo yote nilisimuliwa na mama nilipofika mchana, akiwa ameshika mwiko na macho yamemwiva. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, kofia mkononi.

"Mwalimu," aliniambia, "jana macho yetu yalichoka."

Alisema yetu. Nilisubiri anigeuzie kibao, maana mimi ningekuwa yeye ningemgeuzia, lakini hakusema lingine. Mama alifoka kwamba hataki kumwona tena akigusa ukuta wake. Fundi aliinuka taratibu, akanikabidhi brashi yake pana, akamwambia yule mama, "Basi mpe mwalimu. Mkono wake siku hizi umetulia."

Nilipaka rangi nyeupe juu ya kazi yake, mara mbili, mpaka ikapotea. Kisha nikapiga uzi, nikachora. Kazi ilinichukua alasiri tatu. Najua ingependeza kama ningeandika hapa kwamba niliteseka siku zile tatu, kwamba kila herufi ilinisuta. Haikuwa hivyo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe na mume wangu anisamehe. Nilisahau kula. Watu walisimama barabarani kunitazama, mwanamke juu ya ngazi, wakanitania, nami nikawajibu huku nacheka. Nilipoishusha L ya KULA na kuiona imesimama wima, nilijua kwamba sitarudi kwenye madaftari ya darasa la tatu, na nilijua vilevile nimelipataje jambo lile. Niliyajua yote mawili kwa pamoja, na la kwanza likawa na nguvu zaidi.

Wateja wakaanza kuniulizia mimi. Fundi wakampachika jina, Fundi Kula-Kura, na jina lile lilimtangulia kila alikokwenda. Kwa wiki chache alizunguka na makopo yake. Nilimwona mara moja Buzuruga nikavuka barabara kabla hajaniona. Baadaye nikasikia amerudi kwao ng'ambo kulima. Mwaka uliofuata niliacha ualimu. Baba yangu hakunisemesha tangu Kwaresima mpaka karibu na Krismasi.

Siku hizi naalikwa kuzungumza na vijana wanaomaliza shule. Wananiuliza nilijuaje kwamba hii ndiyo kazi yangu, na mimi nawaambia watafute kitu kinachowasahaulisha chakula. Wanaandika kwenye madaftari yao. Nimewaambia ukweli, ila nimewapa nusu yake, na kila nikirudi nyumbani kutoka kwenye mikutano hiyo nakuwa na hasira na kila mtu.

Ilinichukua miaka minne kumfuata. Sikupelekwa na ujasiri. Nilikuwa nakwangua ukuta wa duka moja mjini, rangi ikabanduka, na chini yake nikakuta herufi zake za zamani. Niliweka chini kisu cha kukwangulia na sikuweza kuendelea. Jumamosi ile nikavuka kwa kivuko cha Kamanga, nikauliza njia hadi kwake.

Mke wake alinikaribisha kama ndugu, akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Alifurahi mno. "Wewe ndiye mwalimu! Mzee anakutaja kila siku. Anasema siku ile ulikuwa umefundisha watoto tangu asubuhi, ulikuwa umechoka tu." Nikairudisha michembe sahanini. Akaniambia kwamba wanunuzi binafsi wa pamba walipofika kijijini walimwomba mzee aandike kibao cha ghala lao, naye akawajibu hajui kuandika.

Fundi alitoka shambani, akanawa mikono. Nilimwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitikia marahaba kwa uso uliochangamka, akauliza habari za mjini. Mke wake alipoingia jikoni, nilimwambia.

"Fundi, niliiona."

"Uliona nini?"

"Ile R. Niliiona kabla hujapaka rangi. Niliutaka ule ukuta."

Kuku wakapita kati yetu na hakuna aliyewafukuza.

"Uliiona," alisema.

"Niliiona."

"Ukaniambia iko sawa."

"Ndiyo, fundi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nakiri kwamba moyoni nilikuwa nimejiandaa zaidi kwa msamaha. Nilikuwa hata na jibu la kumpa akinisamehe. Yeye aliangalia viganja vyake.

"Kuchekwa nilizoea," alisema. "Wamenicheka tangu ujana. Sikuacha kwa sababu ya kuchekwa. Nilisema, kama hata nikiwa na mwalimu wa kunitazamia bado nakosea, basi kazi hii si yangu." Akavifumba viganja. "Na nilikuwa naipenda, mwalimu. Ulijua kwamba naipenda?"

"Nilijua," nilimjibu. Ningeachaje kujua? Mimi nilijifunza kuipenda kwa kumtazama yeye.

Alichukua jembe lake lililoegemea ukutani. Aliniambia kivuko cha mwisho hakingoji mtu, nisichelewe, akarudi kwenye pamba yake. Hakugeuka. Nilimuaga mke wake, akanifungia karanga kwenye gazeti nipeleke nyumbani, nami nikazipokea kwa sababu sikujua namna ya kuzikataa.

Jumatatu yake nilikuwa na ukuta wa duka la dawa za mifugo. Nilipiga uzi nikiwa na hakika kwamba mkono utagoma, na nadhani nilitaka ugome. Haukugoma. Kufikia saa nne nilikuwa nimemsahau fundi kabisa, na mwenye duka akatoka nje kuniuliza ni wimbo gani huo ninaouimba.