Karabai ya Nyar Gwasi

Jua la Kogore haliagi. Huning'inia juu ya migunga upande wa ziwa, jekundu kwa vumbi, kisha huanguka kama kitu kilichoachiliwa mkononi, na kabla mchungaji hajafunga zizi lake giza limeshaingia. Mwaka ule wa 1996 mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili mfululizo. Mchanga wa mto uliokauka ulipanda hadi kwenye milango ya maduka, na kinu cha kusagia mahindi kilifunguliwa kila asubuhi kwa koleo. Maofisa walikuja kutoka Migori, wakatazama, wakakubaliana kwamba pale pamekuwa jangwa, wakageuza gari mapema ili jua lisiwachwee njiani.

Jua likitua ndipo Kogore ilipoishi. Mchana haukuvumilika, soko lilikuwa la jioni. Wanawake walitandaza magunia mbele ya maduka, kila mmoja na koroboi yake ya mkebe, na ukiwatazama kutoka mbali ungedhani makaa yamemwagwa mchangani.

Rael alikuwa na nafasi yake katika safu hiyo, akiuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori. Watu walimwita Nyar Gwasi, binti wa Gwasi, kwa kuwa huku mke hubeba jina la alikozaliwa hata akizeekea kwingine. Mumewe, Odoyo, alivua omena usiku kwa karabai, ile taa ya pampu ambayo wavuvi huielekeza majini juu ya chelezo ili samaki waifuate. Mtumbwi wake ulipinduka karibu na kisiwa cha Remba. Mwili uliletwa na wenzake. Taa ilirudi yenyewe, juu ya chelezo chake, imesimama wima, kioo kizima.

Baada ya mazishi ukaja mwiko. Mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe hatakiwi kuonekana nje jua likizama. Akikaa karibu na biashara ya mtu, biashara itaharibika. Akikaidi, watoto wake watapata chira, wakonde hadi wafe. Wa kumrithi alikuwa amejiteua: Zablon, kaka wa marehemu, mwenye bucha Migori na wake wawili tayari. Alitangaza mbele ya wazee kwamba atamchukua mjane na taa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu kwamba vitu hivyo viwili vilitajwa kwa pumzi moja.

Majuma ya kwanza Rael alikaa ndani. Jioni aliusikia ukuta wake ukipoa, akasikia magunia yakitandazwa, akasikia sauti ya mwanamke mwingine ikinadi omena pale pale alipozoea kukaa yeye. Watoto wake wawili walikula uji asubuhi na uji jioni. Siku uji ulipokuwa maji ya kuoshea sufuria, aliichukua karabai kutoka chini ya kitanda, akaijaza mafuta dukani kwa Sainab, akapewa na omena za kuuza kwa deni, akabeba gunia lake na kutoka nje jua likiwa bado linatazama.

Safu nzima ilisogea. Metrine muuza nyanya, aliyekuwa jirani yake kwa miaka, alivuta gunia lake kama anayeepa maji machafu.

"Dada, sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nyanya zangu zikioza nitamlaumu nani?"

"Lilaumu jua," Rael akamjibu. "Limekuwa likiziozesha tangu Januari na hujalifukuza sokoni."

Akapiga pampu. Taa ikanguruma, ikawaka nyeupe, na kwa mara ya kwanza wateja wa Kogore wakaona walichokuwa wakinunua. Upepo wa jioni ulitia mchanga katika kila kitu, na koroboi ziliuficha. Watu waligundua nyumbani, kwa meno. Mbele ya Rael mtu aliweza kuuona mchanga, akaupepeta, akanunua. Walinong'ona juu ya chira, wakanunua.

Metrine alirudi jioni chache baadaye, gunia lake likiwa nusu ndani ya mwanga.

"Nimesogea kwa ajili ya upepo," alisema bila kuulizwa.

"Upepo unavuma kutoka huko ulikokwenda."

"Basi nimechoka nao. Wewe unataka niseme nini, mama?"

Akapuliza koroboi yake ikazima. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake, hadi safu ikawa duara, na katikati yake taa moja.

Habari zilifika Migori. Zablon alikuja jioni moja, koti begani, jua likiwa limebakisha ukingo mwembamba nyuma ya migunga. Alisubiri giza lishike, kwa maana alitaka amkute kosani.

"Nyar Gwasi. Saa hizi uko nje?"

"Habari ya safari, shemeji. Niko nje tangu jua lilipokuwa likiniona."

"Taa ya marehemu haiwashwi na mjane. Inakwenda na atakayekuchukua. Umevunja kwer, miiko ya nyumba yetu, mbele ya watu."

"Una mtumbwi, shemeji?"

"Sina."

"Una wavu?"

"Mimi ni mtu wa nyama. Unajua."

"Basi utamulika ng'ombe waje wenyewe?"

Mtu alicheka gizani, na kicheko hicho ndicho kilichomharibia Zablon. Alipita juu ya omena, akaikamata karabai ikiwa inawaka, akainyanyua kwa kishindo. Mvuvi yeyote angemwambia: ule utambi mweupe, ukishaungua, ni jivu lililosimama tu, nao hauvumilii mtikisiko. Ukabomoka. Kogore yote ikazima.

Hakuna aliyeondoka. Zablon alisikika akisonya. Kofia ya taa ilikuwa imemchoma vidole.

"Zablon," sauti ya Metrine ikasema, "weka taa ya watu chini."

"Ya watu? Hii ni ya ndugu yangu."

"Ndugu yako aliiwasha kila jioni," Rael alisema. Hakuinua sauti. "Kama wewe ndiye uliyeachiwa, iwashe. Sisi tunangoja."

Walingoja. Kiberiti kiliwaka, kikafa. Kingine kikawaka, kikaonyesha uso wa mtu anayegeuza kitasa asichokijua, kikafa. Mwishowe mchanga ulitoa mlio mdogo, wa chuma kikiwekwa chini.

Rael alitoa utambi mpya kwenye pindo la leso, akaufunga kwa kupapasa, akauchoma, akapiga pampu. Mwanga ulirudi na kumkuta Zablon akiwa na vidole kinywani.

"Ukoo utakaa kikao juu yako," alisema.

"Ukae. Ila ukae mchana, shemeji, maana jioni niko kazini. Na uwaambie mapema nitakalosema: sichukuliwi, wala taa haichukuliwi."

Akainama kuokota omena zilizokanyagwa, akaanza kuzipepeta. Zablon alitupa koti begani, akashika njia ya stendi gizani, na apende asipende, mwanga wa karabai ile ndio uliomwonyesha pa kukanyaga hadi duka la mwisho.