Njia ya Kisima Katika Picha ya Kale

Zachariah Ombati alipobatizwa, alimwomba mchungaji atangulie mtoni, ajionee maji yanamfika wapi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa ana sabini na moja na hajapona. Majani yake ya chai huyapima nyumbani kabla ya kuyapeleka kituo cha kununulia chai, kisha husimama nyuma ya karani akimhemea shingoni. Daktari akimwandikia vidonge viwili, humeza kimoja na kukaa kitako kungoja kioneshe nia yake.

Kwa hiyo Alhamisi ile, alipomwona mwanamke aliyevaa suruali akipanda kilima cha nyuma ya Kebirigo, bomba la plastiki mgongoni, kila baada ya hatua ishirini anasimama kutazama kilima, kisha simu, kisha kilima, hakungoja kuambiwa. Huyo ni mpima ardhi.

"Bwakire, tata," mwanamke alisalimu kwa Kikisii, akimwita baba. "Naitwa Maureen Gesare. Natoka Nairobi, ila kwetu ni Keroka."

Hapo wasiwasi ukazidi. Mtu wa Nairobi unaweza kumdanganya. Mtu wa Keroka anajua pa kuuliza.

"Wa nani Keroka?"

"Wa Makori, mwenye duka la mbolea."

"Makori yule mrefu?"

"Mfupi."

"Na hilo bomba lina nini?"

"Picha za maua, tata."

Zachariah alicheka kwa pua. Mtu mzima na akili zake, atoke Nairobi na maua kwenye bomba?

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Huko kwao, mpaka wa shamba huoneshwa na masale, mimea ya majani marefu ambayo hakuna mwenye haya zake atakayeing'oa. Zachariah hakuwahi kung'oa hata shina moja. Ila wakati wa palizi unaweza kukuta shina limelala kidogo, nawe kwa huruma ukalisimamisha vizuri, kiganja kimoja upande wa pili. Wizi una pupa. Yeye alienda na kiganja kimoja kila palizi kwa miaka arobaini. Sasa viganja hivyo vilikuwa mistari mitatu ya chai, na njia ya kwenda kisimani, iliyopita chini ya shamba lake, ilikuwa imebaki ya kupitisha mbuzi mmoja, tena aliyekonda.

Mwaka uliopita kikundi cha maji cha akina mama kiliwashtaki kwa chifu, yeye na Ochoki mwenye shamba la ng'ambo ya njia. Mkokoteni wa mitungi haupiti, walisema. Wazee wale wawili waliapa kwamba masale yako palepale yalipopandwa na babu zao, kisha kila mmoja akamwita mwenzake mwizi. Chifu akasema bila ushahidi wa zamani hana la kufanya. Tangu siku hiyo Zachariah na Ochoki hawakusalimiana.

Barazani kwa Zachariah, Alhamisi hiyo, Maureen alikunjua karatasi mbili. Ni nakala, alieleza, za picha zilizochorwa kwa rangi za maji na Mzungu mmoja mwanamke aliyepita huku zaidi ya miaka mia iliyopita. Yeye mwenyewe anafanya kazi mahali mimea iliyokaushwa inapohifadhiwa, na anataka kujua kama ua hili bado linaota.

Ua lenyewe lilikuwa dogo, la waridi, na mkia mwembamba nyuma. Yule Mzungu alikuwa amelichora lote: jani, mbegu, ganda lililopasuliwa, hadi mizizi.

"Mtu anachora mizizi ya nini," Zachariah aliuliza, "kama hatafuti kina cha shamba?"

Nyanchera, mkewe, alikuwa ameleta chai. Aliweka kikombe chini akainamia karatasi ya pili. Zachariah naye akainama. Kilikuwa kilima chao, na jiwe lake lenye vichwa viwili. Na chini yake njia, pana kiasi cha ng'ombe wawili wenye mimba kupishana bila kugusana, na masale pande zote mbili, yamechorwa moja moja. Mwanamke mwenye kazi zake angepaka kijani tu akaenda zake.

"Hiki si kilima chetu," alisema.

"Hujatazama hata, tata."

"Macho yangu hayachelewi."

Ochoki naye alikuwa ameshaingia uani. Karatasi imekunjuliwa kwa jirani, atakaaje? Aliinama. Aliifuata njia kwa kidole hadi ukingoni mwa karatasi.

"Hiki ni cha Meru," alisema hatimaye.

"Au Taita," Zachariah alimsaidia.

"Lakini jiwe hili..." Maureen alianza.

"Mawe yanafanana, dada. Na Wazungu wa zamani walikuwa wanachora wakiwa na malaria," Ochoki alisema.

"Basi ua. Linapenda mahali penye unyevu."

"Hapa hakuna unyevu," Zachariah alisema, na mvua ya saa nane ikaanza kupiga mabati.

Ilipopungua, Maureen alikunja karatasi zake akaandika kwenye daftari kwamba mahali hapajulikani. Nyanchera alichukua mwavuli. "Ngoja nimsindikize barabarani."

Barabara iko umbali wa dakika tano. Nyanchera alikawia saa nzima. Wazee walibaki wakimalizia chai ya mgeni.

"Uliona masale?" Zachariah aliuliza.

"Masale gani?"

"Hata mimi sikuona."

Nyanchera alirudi peke yake, matope hadi magotini, na ile picha ya kilima imeviringishwa kwapani.

"Lile ua liko pale kisimani," alisema. "Watoto hupasua maganda yake kila siku. Mgeni amefurahi hadi akataka kulia. Ameandika jina la kilima na jina langu, na nakala hii amekipa kikundi. Jumatatu tunaipeleka kwa chifu."

"Mama Bravin, wewe ni mke wangu."

"Na mtungi wa lita ishirini ninaubeba ubavu-ubavu kwenye njia yenu tangu nimezaa Bravin."

Ijumaa, kabla umande haujakauka, wazee wawili walikuwa kwenye njia na majembe.

"Sogeza tena, Zaka. Hilo shina halijafika."

"Lako lifike kwanza."

Jumamosi ni Sabato, hawakugusa jembe. Ila walikaa kanisani mahali wanapoonana, kila mmoja asimpe mwenzake nafasi ya kutoroka kurudi kwenye masale. Jumapili Zachariah aling'oa chai yake, mistari mitatu iliyobaki njiani.

Jumatatu chifu alikuja na akina mama na picha yao. Alikuta njia pana, masale yamenyooka, udongo mbichi kwenye kila shina.

"Hii mimea imehama lini?"

"Haijahama," Zachariah alisema. "Iko palepale alipoipanda babu."

Mkokoteni ulipita bila kugusa jani, Nyanchera akiusukuma. Zachariah hakuutazama. Alikuwa anahesabu hatua zake ndani ya shamba la Ochoki, polepole, kuona kama naye amerudisha yote, na Ochoki akimfuata nyuma kuhakikisha hafupishi mguu.