Mtu wa Taifa na Jezi Yangu Namba Tisa

Kwa misimu sita jezi namba tisa ya timu yetu ya mtaa wa Tena ilikuwa yangu, na nisikudanganye, nilikuwa hatari. Uwanja wetu una vumbi la kumpoteza ndovu. Kona ikipigwa, mnasubiri kidogo mjue mpira ulienda wapi. Humo ndani nilifunga kwa kichwa, kwa goti, na mara moja kwa mgongo, nikiwa nabishana na refa.

Kisha akahamia kwenye ploti yetu mpangaji mpya, kijana mpole wa mabega mapana, aliyeletwa na kanisa fulani kufundisha kompyuta mwaka mmoja. Alitoka nchi ya visiwa huko Pasifiki. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, ndiye pekee kwenye ploti niliyejua Pasifiki iko upande gani. Nchi yenyewe tuliitafuta kwenye ramani ya simu, tukaikuza picha mpaka vidole vikauma, ndipo ikajitokeza nukta. Raia wake wote wangeweza kuhamia mtaa jirani wa Umoja na wenye nyumba wasishtuke.

Kosa langu ni kumwalika mazoezini. Huko akakiri, kwa Kiswahili chake cha kupima kila hatua, kwamba kwao aliwahi kuchezea timu ya taifa. Mshambuliaji.

Kocha wetu, karani mstaafu wa reli, akavua kofia.

"Timu ya taifa? Ya nchi nzima?"

"Ndiyo, mzee. Lakini nchi ni ndogo."

"Ulifunga mabao mangapi?"

"Moja. Siku hiyo tulifungwa kumi na mbili."

Kocha akatugeukia, macho yamelowa. "Mmesikia nyinyi? Watu wanakupiga kumi na mbili na bado unawafunga! Huo ndio moyo!"

Mgeni alijaribu kutuokoa. Alieleza kwamba kwao ukiwa na viatu na ruhusa ya kazini, basi umeteuliwa. Alieleza kwamba walifanyia mazoezi ufuoni, na shuti likipaa waliketi kungoja bahari irudishe mpira. Wapi! Kocha alikuwa amesikia neno moja tu, taifa, na papo hapo akanivua namba tisa mbele ya watu wazima wenzangu.

"Wewe utakaa akiba," akaniambia. "Utazame, ujifunze."

Nikatazama mpaka fainali ya kombe la mitaa. Tulikutana na timu ya mtaa wa Buruburu, vijana ambao hata soksi zao zilifanana, na zawadi ilikuwa beberu kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, amefungwa kamba kando ya goli kila mtu amwone. Shuti la kwanza la mgeni lilimkosa huyo beberu kwa shubiri.

"Anapima upepo," mashabiki wakasema.

Mara ya pili alipiga teke hewa, mpira ukabaki palepale ukimshangaa.

"Anavuta mabeki, buda! Cheki vile anavuta mabeki!"

Akajikwaa, akaanguka peke yake. Huo wakauita ujanja wa kimataifa.

Mke wangu, aliyesimama nyuma yangu, alishindwa kuvumilia. "Baba watoto, wewe ungekosa hivyo leo ungelala hapa na huyo mbuzi!"

Dakika zikawa zinayoyoma na bao hakuna. Mgeni akaja ukingoni, jasho linamtiririka.

"Mzee, mweke kaka huyu. Mimi sijui."

"Mtu wa taifa hatoki," kocha akajibu.

Basi akajilaza chini ameshika paja, na nilipompita nikiingia akanikonyeza. Nilikuwa nimevalishwa jezi ya kipa wa akiba, mikono yake inafika magotini. Haukupita muda, kona ikapigwa, mpira ukapotea vumbini, ukanipata taya. Bao! Niliona nyota saa tisa alasiri, na mabeberu wawili.

Nilipopata fahamu, timu ilikuwa imembeba mgeni mabegani.

"Mmeona alivyowachosha mabeki?" kocha alikuwa akilia.

Mgeni, juu kule, alininyooshea kidole mimi. Watu wakadhani anawasalimu, wakampungia.

Mwaka wake ulipoisha akarudi kwao. Nikadai jezi yangu. Kumbe kocha alishaitundika ukutani kwa kinyozi, juu ya kioo.

"Ile ilivaliwa na mtu wa taifa," akasema. "Sasa nimpe mtu wa Tena?"

Nikarudi akiba, na pengine ningezeekea huko, kama mgeni asingeniandikia kwenye simu: "Kaka, nimerudishwa timu ya taifa. Mimi ni nahodha! Wamesikia nilishinda kombe Afrika. Nimewaambia lilikuwa mbuzi, hawaamini. Wanatafuta mtu wa kuwafunza washambuliaji. Nimetaja wewe. Njoo."

Nikampelekea kocha ile simu. Akafuta miwani, akasoma, akasoma tena.

"Kumbe wewe unatakiwa na timu ya taifa?"

"Ni ya kwao, mzee. Ile nukta."

"Taifa ni taifa, bwana." Akainuka mwenyewe, akaenda kwa kinyozi, akarudi na jezi begani.

Jumapili hiyo nilianza, namba tisa mgongoni. Nikakosa nafasi tatu za wazi, moja goli likiwa halina kipa, na kila mara nikamsikia kocha akiwafokea wachezaji wa akiba waache porojo, watazame, wajifunze.