Tulivyokwenda Kupanda Rola Kosta na Mama Wawili Wasiosemezana

Safari hii ilianzia Garsen, kwenye kibanda cha Galgalo cha kuchaji simu. Galgalo ni Mworma wa ukoo wa wafugaji, lakini ng'ombe amewaachia ndugu zake, yeye anachunga betri za watu. Pale kibandani watu wakisubiri chaji huonyeshwa video, na kwa miezi mingi video ilikuwa moja tu: bustani ya michezo upande wa Mombasa ilikuwa ikijenga rola kosta mpya, ile treni ndogo inayopandishwa kwenye vyuma hadi juu, kisha inajiachilia. Jina la bustani silitaji, nisije nikaonekana nimelipwa niisifu, au nikiikosoa nikawaharibia kazi. Walitangaza kwamba hii mpya ni ya familia nzima, mtoto na mzee wanapanda pamoja.

Basi kila mtu akawa na lake analolingojea. Galgalo alitaka iteremke kama ndama aliyekata kamba. Binti yangu Neema, wa darasa la tano, alitaka ipite kwenye shimo la giza, tena bila taa hata moja, "ndiyo iwe noma, Baba." Mama yangu mzazi, Mama Salome wa kijiji cha Wema, ambaye alikuja mara moja tu kuchaji simu akanaswa, yeye alitaka kona.

"Kuteremka hata jiwe linateremka," aliwaambia. "Nionyesheni kona. Kona ndiyo kazi."

Kulikuwa na shabiki mwingine ambaye sikumjua mpaka Galgalo aliponinong'oneza. Mama yangu mdogo, Damaris wa kijiji cha Idsowe, naye alikuwa akija pale kuangalia video ileile, ila kwa siku ambazo Mama haji.

Hapa lazima nieleze, na nitajaribu kutompendelea mtu. Mama na mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja. Mafuriko yalipokuja, mto wetu wa Tana ulihama. Ulikata kona yake ya zamani ukapita njia nyingine, na kipande cha shamba la Mama kikajikuta ng'ambo, kimeungana na shamba la mama mdogo. Mama mdogo akapanda migomba. Mama akasema ardhi ni yake hata mto ukihamia Garissa. Mama mdogo akasema kinacholetwa na mto ni cha aliyeletewa. Nimeipima kesi hii mara nyingi, na kila nikiipima naona wote wana haki, jambo ambalo halijanisaidia chochote. Wakaacha kusemezana. Na mama mdogo hakujaliwa mtoto, mtoto wao wote wawili ni mimi. Nikilima kwa huyu, yule ananuna. Nikila kwa yule, huyu anauliza kama huku chakula kina chumvi nyingi. Nilianza kuogopa kwamba siku moja nitalazimishwa kuchagua mama.

Rola kosta ilipofunguliwa, Mama aliniambia, "Jilo, tunakwenda." Kesho yake mama mdogo akanipigia simu: "Jilo, mwanangu, nasikia mnakwenda. Nami naja." Mtu mwenye akili angepata uongo wa kusema. Mimi nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake anakuja, nikangoja mmoja ajitoe. Hakujitoa mtu.

Alfajiri tulikutana Garsen stendi. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani. Mama mdogo naye alikuwa na kitambaa cha kanisani, rangi ileile. Waliangaliana vichwa, kisha kila mmoja akaangalia upande wake. Galgalo alikuja kutuaga akiwa na mswaki mdomoni.

"Jilo, wewe ndiyo macho yetu," alisema. "Usituletee hadithi tamu. Hiyo kitu ikiwa mbovu, sema mbovu."

Basi likaingia barabara ya Malindi. Mama alikaa mbele, mama mdogo nyuma, mimi na Neema katikati kama mpaka wa nchi. Njiani walizungumza kupitia kwa Neema. "Mwulize bibi yako wa Idsowe kama anataka maji." "Mwambie bibi yako wa Wema ninayo yangu." Tulipopita Gongoni na yale marundo ya chumvi meupe, Neema alikuwa amechoka kutumwa akajifanya amelala. Sikumlaumu. Na mimi nilijaribu kujifanya, nikashindwa.

Mchana tulifika Mtwapa, kwa binamu yangu. Mwenyewe alikuwa kazini, akatupokea mkewe, shemeji Kadzo, Mgiriama mwenye maneno. Alitupikia samaki na wali wa nazi, na alipojua tumekuja kufanya nini, mwiko ulimtoka mkononi.

"Mmetoka Tana na wazee hawa kwa ajili ya ile treni? Watoto wa hapa wamekwisha ichoka. Wanasema inakwenda kama konokono aliyekula ugali."

"Ina kona?" Mama akauliza.

"Kona inazo, mama."

"Basi."

Neema alinuna. Mama mdogo nilimwona anamsikiliza Mama kwa sikio moja, na nadhani, sina uhakika, alitikisa kichwa kukubali kuhusu kona.

Asubuhi ya pili tukaenda. Nitaeleza nilivyoona. Ukiingia langoni, rola kosta unaiona mara moja, imepakwa manjano na buluu, rangi nzuri. Lakini ni fupi kuliko ya kwenye video. Aliyepiga picha alilala chini akaelekeza simu juu. Shimo la giza halipo. Kuna upinde wa turubai tu, na jua linaingia pande zote. Neema aliuangalia akasema, "Hata kuku hawezi kulala hapo." Kwa upande mwingine, vyuma ni imara, kila kiti kina mkanda, na wafanyakazi wana adabu. Hayo yote ni kweli, nayaandika yote.

Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yetu tulipokelewa na msichana aitwaye Zuhura, mwenye fulana ya manjano na filimbi shingoni. Magari ni madogo, ya watu wawili wawili, yamefungwa moja nyuma ya jingine, na kila moja limechongwa mdomo mbele kama mashua.

"Wazee hawapandi peke yao," Zuhura alisema. "Bibi na bibi, kaeni hapa pamoja. Baba na mtoto, nyuma yao."

Mama mdogo alikuwa amekwisha inua mguu. Akaurudisha.

"Mimi sipandi."

"Unaogopa, bibi?"

"Niogope nini? Hiki ni chombo. Mtu hapandi chombo na mtu asiyesemezana naye."

Mama naye akarudi nyuma hatua moja. "Hapo amesema kweli," alisema, akimwambia Zuhura.

Kwetu mtoni hilo halina mjadala. Mtumbwi ni mwembamba. Kiboko akiibuka, aliye mbele humwambia wa nyuma, na wote huegemea upande mmoja, la sivyo mnazama. Waliokosana hawaambizani. Kwa hiyo wakosanao husemezana kwanza ukingoni, hata kwa ukali, ndipo chombo kinasukumwa. Ndani ya basi hawakuona shida, kwa kuwa basi halingojei abiria waegemee.

Nilijaribu kutengeneza. "Mama, njoo ukae na mimi. Neema akae na mama mdogo. Magari mawili tofauti."

"Tofauti wapi?" Mama alinionyesha kwa kidole. "Yamefungwa pamoja hayo. Ni chombo kimoja. Wewe Jilo umelelewa mtoni au stendi?"

Nikaangalia. Yalikuwa yamefungwa. Zuhura alishika filimbi yake bila kuipuliza. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika kwenye duka la aiskrimu, na watu wakaanza.

"Kuna nini huko mbele?"

"Hawa mabibi wana kesi!"

"Kesi kwenye rola kosta? Waende kwa chifu!"

"Chifu naye apange foleni!"

Nilitamani vyuma vile vinimeze. Niliona safari nzima imeharibika, na ubaya zaidi, tukirudi hivi hawatasemezana tena, maana watakuwa wamekataana mbele ya Mombasa nzima. Ndipo nikamsikia Mama.

"Damaris."

Mama mdogo alishtuka. "Naam, dada."

"Ile migomba umeipanda imebanana mno."

"Ungekuja kuniambia, ningeiachanisha."

"Ungeniita, ningekuja."

"Nilimtuma Jilo."

"Ardhi haisemwi kwa mtoto." Mtoto ni mimi, nina mvi. "Na ardhi ile ni yangu."

"Ilikuwa yako. Mto umeileta kwangu."

"Mto ukikuletea ng'ombe wa Mworma, utamchinja?"

Kisha baba mmoja mnene, aliyembeba mwanawe mabegani, akasema, "Hapo bibi amefunga bao!" Mwanamke nyuma yake akamkatalia: "Ng'ombe ana alama sikioni, udongo una alama gani?" Wakaanza kubishana wao kwa wao.

Mama mdogo alifikiri. "Simchinji," alisema. "Lakini nikimlisha misimu yote hii, akizaa, ndama ni wa nani?"

Nilimwona Mama anataka kusema kitu kingine, kisha akakiacha. Ni mtu wa haki, hilo naweza kulishuhudia.

"Ndama ni wako," alisema.

"Basi ndizi zangu."

"Ndizi zako. Udongo wangu."

"Udongo tutauzungumza."

"Tutauzungumza."

Zuhura aliangalia huyu, akaangalia yule. "Sasa tukae?"

"Sasa ndiyo tukae," Mama alisema, akaingia kwanza, akampa ndugu yake mkono.

Treni ikapanda ikilia ka-ka-ka. Juu kabisa niliona bahari kwa mbali, nikafumba macho, kwa hiyo kuhusu mteremko wa kwanza siwezi kutoa ushahidi kamili. Nilipofumbua tulikuwa tunaingia kona, na mbele yangu niliona kitu ambacho sitakisahau. Gari lilipolalia kulia, wazee wale wawili waliegemea kushoto, pamoja, mara moja, kama waliovutwa na kamba moja. Kona ya pili ikalalia kushoto, wakaegemea kulia. Nami nikajikuta nimeegemea. Neema peke yake, kizazi cha video, alikuwa amenyanyua mikono juu anapiga mayowe. Wao hawakutoa sauti.

Tulipofika chini Zuhura alikuja mbio. "Mabibi mko sawa? Mbona kimya? Kila mtu hupiga kelele!"

"Kelele ya nini?" mama mdogo alimjibu. "Ukiwa kwenye chombo hupigi kelele. Unaamsha viboko."

"Kona ya pili ni nzuri," Mama alisema. "Ya kwanza imekatwa vibaya. Aliyeichora hajawahi kupiga kasia. Tunaweza kurudia?"

Walirudia. Mara hii mimi nilikaa chini na mifuko yao, nikawaona wanapita juu, vichwa viwili vya rangi moja vikiegemea huku na huku. Baba yule mnene alisimama kando yangu.

"Kesi imekwisha?" aliuliza.

"Haijaisha," nilimwambia. "Imeanza."

Kesho yake tulirudi nyumbani kwa basi, na Neema alihamishwa kiti. Wazee walikaa pamoja wakaugombania udongo ule toka Mtwapa hadi Minjila, karibu na Garsen. Mpaka ulikuwa wapi, mkuyu ulisimama wapi kabla haujachukuliwa na maji, nani alikuwepo babu yao alipoonyesha. Abiria mmoja aliwaomba wapunguze sauti, wakamwuliza kama yeye alimjua babu yao. Nilikuwa nikidhani siku zote kwamba amani ni watu wakiacha kugombana. Elimu yangu iliishia darasa la nane na sitaki kujifanya nimegundua kitu. Lakini kelele zile zilinilaza usingizi mzuri.

Jioni tukashuka Garsen. Galgalo alikuwa amefunga kibanda mapema kutusubiri.

"Haya, sema. Inateremka vipi?"

"Si ndama aliyekata kamba," nilimwambia. "Ni ndama anayemfuata mamake, ila ana haraka."

"Eh! Na shimo la giza?"

"Turubai," Neema alimjibu kwa uchungu.

Galgalo alisikitika kweli, nikamwonea huruma. Nikamwambia pia yaliyo mazuri, mikanda, adabu ya wafanyakazi, kona ya pili, ili asiondoke na upande mmoja tu.

"Lakini ni ya familia, au walidanganya?"

"Ni ya familia. Familia yetu ilichelewesha foleni, lakini ilipanda."

Nilikuwa nimekwisha ita bodaboda mbili, moja ya Wema, moja ya Idsowe. Mama mdogo alipanda yake. Mama akaipita ile ya Wema, akainua gauni kidogo, akapanda nyuma ya ndugu yake.

"Mama, huko ni Idsowe."

"Najua ni Idsowe. Mto uko chini sasa, mpaka wa shamba unaonekana. Mpeleke mtoto nyumbani."

Dereva akawaambia washikane vizuri, barabara ina mashimo. Walikuwa wameshikana tayari, na mama mdogo alikuwa amegeuza kichwa anamwambia mwenzake kwamba mkuyu haukuwa pale, ulikuwa mbele zaidi. Wakaondoka na vumbi lao.

Neema aliwaangalia mpaka wakapotea.

"Baba, bibi atarudi lini?"

"Wakimaliza kugombana."

Akafikiri kidogo. "Basi leo harudi," alisema, akapanda ile bodaboda ya Wema, nami nikapanda nyuma yake.