Mwosha glasi wa Salama anayesubiri kibuyu kilie

Glasi ya kwanza ya asubuhi haiingii majini moja kwa moja. Syombua Kiema anaiinua hadi puani, anafumba macho, anavuta pumzi kidogo, kisha anaitumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni.

"Machungwa," anasema. Anachukua ya pili. "Hii ni bia, haina maneno." Ya tatu inamchelewesha. Anaizungusha, anachungulia chini, ananusa tena. "Huyu aliitisha soda. Halafu bibi yake akienda choo, akaongeza kitu."

Ni saa tatu na robo, Ijumaa, katika hoteli moja ya wasafiri mjini Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Meza ya jikoni imejaa glasi za jana. Syombua, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ameziosha hapa tangu 1976. Anasema hazipungui mia mbili kwa siku, na mwisho wa mwezi hupokea shilingi mia tisa na hamsini.

Kilevi hajawahi kukionja. Aliokoka akiwa msichana na hajarudi nyuma hata siku moja. "Pombe naijua na pua tu," anasema, na kucheka.

Lakini si pua hiyo iliyomleta mwandishi huyu Salama, ingawa ingetosha. Ni kinywaji cha kahawa ambacho Syombua hutengeneza nyumbani kwake Tawa, na ambacho tangu Pasaka kimemtoa jikoni mwa kanisa lake. Tarehe 14 Desemba binti yake Ndinda anaolewa. Mambo yasipobadilika, mama wa bibi arusi ataketi kwenye viti vya wageni huku wanawake wengine wakipika.

"Miaka kumi na nane nimepikia watu arusi zao," anasema, akiipangusa glasi ambayo tayari imekauka. "Ya mtoto wangu nikae kama mgeni? Hiyo inaniuma. Siwezi kuficha."

Yote yalianzia katika glasi. Mwaka 1989 alikuta moja yenye povu la rangi ya udongo lililoshika ukingoni na kukataa kutoka. Aliponusa, alishangaa. Ilikuwa kahawa.

Msomaji wa mbali huenda asielewe mshangao huo. Vilima vya karibu na Tawa vina kahawa, na Syombua ameichuma tangu utotoni. Lakini ikishachumwa hupelekwa kiwandani kwa magunia, na mkulima anarudi nyumbani kunywa chai. "Kwetu kahawa ni ya kuchuma," anasema. "Sikujua kuna mtu anailipia ndio ainywe."

Akamwita Ndeti, anayehudumu kwenye baa ya hoteli hiyo akiwa na tai shingoni.

"Nikamwambia, mama, hiyo ni kokteli ya kahawa," anakumbuka Ndeti. "Kahawa kali, sukari, barafu, na ile kitu nyinyi wa kanisa hamtaki. Unafunika, unatikisa mpaka mkono uchoke."

Akalichukua kopo lake la chuma na kumwonyesha. Syombua alilitazama likipanda na kushuka, kisha akaangua kicheko kilichomfanya mpishi atoke kuona kuna nini.

"Nilimwambia, wewe! Hiyo si ni kazi ya maziwa? Mama yangu alitikisa kitete miaka yote, na hakuna siku alivalishwa tai."

Kitete ndicho kibuyu, na nyumba nyingi za Ukambani zimekua kwa sauti yake: maziwa yanatikiswa humo hadi siagi ijitenge. Syombua alikwenda nyumbani Jumamosi hiyo akiwa na wazo moja kichwani. Angeitengeneza kokteli hiyo na kuiacha nje ile kitu ya Ndeti.

Hakujua hata pa kuanzia. Kahawa aliinunua kwa Kinsi Dubow, mwenye duka la vyakula hatua chache kutoka hotelini, ambaye familia yake ilihamia Salama kutoka Garissa. Wiki ya kwanza aliichemsha kwa saa nzima.

"Alikuja analia, eti kahawa yangu ni chungu," anasema Kinsi. "Nikamuuliza uliipikaje. Aliponiambia, nikamwambia dada, hii si githeri ya mahindi na maharagwe!"

Kinsi akamfundisha. Vijiko vinne vya kahawa ya kusagwa kwa vikombe viwili vya maji, na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Ipande mara tatu, na kila ikipanda iondolewe motoni kabla haijamwagika. Ichujwe kwa kitambaa. Yaliyobaki Syombua aliyagundua mwenyewe: vijiko vitatu vya asali ya Kitui kahawa ikiwa bado vuguvugu, ili ikubali kuyeyuka, kisha maji ya mtungini, maana barafu Tawa utaipata wapi. Mwisho ni ganda la chungwa. Analibinya karibu na mwali wa kibiriti, mafuta yake yanatatarika, na harufu inatua juu ya kikombe.

Mwandishi huyu alionjeshwa iliyotikiswa kwenye chupa ya jemu. Ni baridi, kali, tamu kwa nyuma, na inaacha harufu ya chungwa kooni. Kasoro yake ni moja, na Syombua anaitaja kabla hujaitaja wewe.

"Povu," anasema. "Kwa chupa linakufa kabla hujasema amina. Chupa ni laini ndani. Kitete kina mikwaruzo, ndio inashika povu."

Kinsi ndiye aliyekuwa mwonjaji wake wa kwanza, na hilo lilikuwa na sababu. "Mimi haramu sinywi," anasema Kinsi. "Nikimaliza kikombe, ujue hakuna kitu ndani." Alimaliza vingi.

Basi kinywaji kikazoeleka nyumbani kwa Syombua. Mwaka huu wa 1991, kanisa lake lilipopanga kumkaribisha mchungaji mpya Jumatatu ya Pasaka, tarehe mosi Aprili, akaomba ruhusa ya kuwapa wageni kitu tofauti na chai. Alikubaliwa. Wageni walitarajiwa kuwa sitini, na chupa ya jemu haitoshi sitini.

Hapo ndipo alipokumbuka kibuyu kikubwa kilichoning'inia ghalani. Kilikuwa cha baba mkwe wake, Mulei, aliyefariki mwaka 1979. Mulei alisifika kijiji kizima kwa kaluvu, pombe ya asali inayoumuliwa kwa matunda ya mti wa muatine. Syombua alilijua hilo. Alikiosha kibuyu kwa maji ya moto mara tatu, akakianika siku nzima, na kwa mtu anayeosha glasi mia mbili kwa siku, hilo lilikuwa zaidi ya kutosha.

Jumamosi akapika kahawa, akatia asali, akamimina ndani na kuziba, ili vikolezo vishikane hadi Jumatatu.

"Jumatatu nikafungua, povu likaruka mpaka kwa leso yangu," anasimulia. "Sijawahi kuona povu kama hilo. Nilipiga magoti palepale nikamshukuru Mungu."

Unamwuliza kama pua yake haikumwambia kitu. "Nilikuwa na homa ya mafua," anasema. "Shetani anajua kuchagua siku."

Wageni walikunywa. Walisifu. Kwaya, iliyopangiwa nyimbo mbili, iliimba ya pili mara nne na kuomba ya tano. Mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili, mtu wa haya sana, alitoa hotuba ambayo haikuwa kwenye ratiba. Na Mzee Muthama, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliyejulikana kwa ukali wake dhidi ya kila kilicho na harufu ya kuumuka, aliomba kikombe cha pili, kisha cha tatu.

Alipokuwa katikati ya cha tatu, akasimama wima, kikombe mkononi, akakitazama kwa muda mrefu.

"Aiya!" akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Huyu ni Mulei!"

Kanisa zima likashusha vikombe.

Mzee Muthama, ambaye sasa ana miaka sabini na mmoja, anakubali kuieleza habari hiyo, ingawa anaanza kwa kukohoa. Kabla ya kuokoka mwaka 1962, yeye na Mulei walikuwa marafiki wa kikombe kimoja.

"Miaka ishirini na tisa sijaonja," anasema. "Lakini ulimi hauendi kanisani. Ulimjua tu, kama mtu anasikia sauti ya rafiki yake nje ya nyumba." Anatikisa kichwa. "Na kwa kusema hivyo, nilijishtaki mwenyewe mbele ya watu."

Kilichotokea si fumbo. Chachu ya Mulei ilikuwa imejificha katika mikwaruzo ileile ya kibuyu inayoshika povu, imelala humo miaka kumi na miwili. Asali ya Syombua iliiamsha. Kwa siku mbili kahawa yake iligeuka kaluvu bila yeye kujua, naye akaigawa kwa vikombe vya kanisa.

Hakuna aliyedhani alikusudia. Hata hivyo, wazee waliamua kwamba asishike mwiko wala sufuria ya kanisa hadi jambo lenyewe lisafishwe. Wapo waliotaka kinywaji hicho kipigwe marufuku kwa jina lake tu. "Kokteli!" anasema Mzee Muthama. "Jina lenyewe limelewa."

Syombua angeweza kuomba msamaha, akaahidi kupika chai maisha yake yote, na mambo yakaisha. Hakutaka.

"Nikirudi kwa chai, watu watasema alikubali alipika pombe," anasema. "Mimi nilipika kahawa. Kosa ni la kitete. Nataka wazee waonje kahawa yangu kwa kitete safi, na waseme hivyo mbele ya wote."

Wazee wakakubali, kwa sharti moja lililoonekana jepesi: kinywaji kitikiswe katika kibuyu ambacho hakijawahi kuwekwa pombe. Wataonja tarehe 8 Desemba, siku sita kabla ya arusi.

Syombua akaanza kutafuta. Aligonga milango kuanzia sokoni Tawa hadi ng'ambo ya mto, na alichogundua kiliwaaibisha wengi. Kila kibuyu kikuukuu kilichokuwa hakijanusa maziwa kilikuwa kimenusa kaluvu, hata katika nyumba ambazo zingeapa vingine. Vya maziwa navyo huchachua kila kinachoingia. "Nyumba moja, sitaitaja, waliniambia chao ni cha maji tu," anasema. "Nikanusa. Nikawashukuru, nikaenda zangu."

Basi akafanya alichobakiwa nacho. Mwezi huohuo wa Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, akapanda mbegu za mmumunye unaozaa vibuyu, kando ya ua wake wa minyaa. Kwa wahudumu wa baa wa dunia nzima, kama wapo wanaosoma gazeti hili, ifahamike kwamba Tawa kuna mama aliyepanda kopo la kutikisia.

Vibuyu vitatu vilifika kukomaa. Cha kwanza kilioza Septemba. Cha pili alikiharakisha kwa kukiweka karibu na moto, kikapasuka. "Haraka haraka haina baraka, nilijua, na bado nikafanya," anasema. Kimebaki kimoja, nacho kinaning'inia juu ya meko, mbali kidogo na joto.

Kibuyu hakionyeshi kwa nje kuwa kimekauka. Hujulikana kwa sikio. Kikitikiswa, mbegu zilizojitenga na nyama hugonga ndani, na watu husema kimelia. Kisha hukatwa shingo, hutolewa mbegu, na hulowekwa kwa maji yanayobadilishwa kila siku kwa muda wa wiki mbili, uchungu utoke. Na mvua za Novemba zimeanza. Kila siku ya unyevu ni siku inayopotea.

Jumapili, tarehe 24 Novemba, mwandishi huyu yuko nyumbani kwa Syombua, siku kumi na nne kamili kabla ya wazee kuonja. Ibada imekwisha. Ndinda, bibi arusi mtarajiwa, anakuna nazi ambayo Kinsi amewatumia kutoka Salama.

"Mwaitu, tukipika chai tu, mimi sitakasirika," anasema, akimwita mamake kwa Kikamba.

"Mimi nitakasirika," anajibu Syombua.

Kutoka ng'ambo ya minyaa inasikika sauti ya kikohozi. Ni Mzee Muthama, jirani yao, ambaye tangu Oktoba hupita hapo kila siku, kwa sababu ambayo hajawahi kuieleza.

"Mama Ndinda! Kimelia?"

"Bado, mzee. Jana kilikuwa kimya."

"Kitikise tena."

Syombua anaingia jikoni. Anakishusha kibuyu kwa mikono miwili na kutoka nacho nje. Anakisogeza sikioni, anafumba macho vilevile alivyofumba juu ya glasi za Salama, na kutikisa. Hakuna kitu. Anatikisa tena, kwa nguvu kidogo. Ndinda ameacha kukuna.

Mara ya tatu inasikika sauti ndogo, kavu. Mbegu moja. Kisha nyingine, na baada ya hapo zinagongana ndani kwa pamoja, na hakuna haja tena ya kutega sikio.

Syombua anaketi chini kwenye kizingiti, kibuyu mapajani, machozi yakimtoka, anacheka. Mzee Muthama, upande wa pili wa ua, amevua kofia.

"Leo hii nakata shingo, kesho nirudi kazini," anasema Syombua anapopata pumzi. "Ndinda atabadilisha maji. Tarehe nane wazee wataonja. Tarehe kumi na nne nitakuwa jikoni, na leso yangu kiunoni, na mtoto wangu atakunywa wa kwanza." Anageukia ua. "Lakini wewe, mzee, safari hii ni kikombe kimoja tu."

Mzee anaivaa kofia yake polepole.

"Kimoja kitatosha," anajibu. "Mulei hayumo."