Mkate Mweusi wa Krismasi

Juzi mwanangu aliniletea televisheni mpya hapa Malaba mpakani, pana kama mlango. Kuiwasha tu, nikaona mtu anatoa mkate kwenye oveni, umeiva vizuri, rangi ya kahawia. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Kama ulikulia huku miaka ya sabini utanielewa. Kama hukukulia huku, ngoja nikueleze.

Enzi hizo kwetu karibu na Amagoro televisheni ilikuwa moja tu, ya mama mwenye duka, na ilitumia betri ya gari. Jumamosi jioni tulinawa miguu, tukaketi sakafuni, tukamngoja Mzee wa Mikate. Lo, tulimpenda! Alikuwa na tumbo kubwa na kofia iliyomwangukia machoni. Kila kipindi alioka mkate, akaugonga kwa kidole, ngo ngo ngo, akauinua tuuone. "Ukiwa hivi, watoto, umeiva!" Nasi tunameza mate.

Nyanya yangu hakuja hata siku moja. Alisema hawezi kukaa mbele ya mtu asiyeitikia salamu.

Krismasi moja Nyanya alikuwa ameweka pakiti mbili za unga wa ngano, wa chapati za nyumba nzima. Nilikuwa na miaka kumi na kichwa kigumu. Nilimsumbua wiki nzima anipe huo unga nioke mkate, wajomba wakilalamika kwamba mtoto atawanyima chapati.

"Haya," akasema Nyanya. "Lakini ukiharibu, sisi wote Krismasi ni viazi."

Nikakanda, nikatia hamira, nikabandika sufuria jikoni na makaa mengine juu ya kifuniko. Harufu ikapanda mpaka jirani akachungulia.

"Epua, mama, umeiva," Nyanya akaniambia.

Nikafunua. Wapi! Haukufanana na wa Mzee wa Mikate hata kidogo. Nikafunika tena. Nilipouepua mwishowe ulikuwa mweusi tititi, unatoa moshi.

Wajomba walinicheka vibaya. Mmoja akauliza kama nimewaokea makaa. Nililia kwa aibu, nikaapa kwamba wa kwenye televisheni uko hivyohivyo, na hakuna aliyeniamini. Nyanya alichukua kisu, akakwangua, akatugawia kile kidogo cheupe kilichobaki katikati. Kisha tukala viazi.

Jumamosi iliyofuata alivaa nguo yake ya kanisani, akanishika mkono mpaka kwa mama mwenye duka. Mzee wa Mikate alipotokea, Nyanya akamwambia, "Hujambo, mzee." Watoto walivunjika mbavu. Yeye alikaza macho tu, mpaka mkate ukainuliwa. Mweusi tititi! Televisheni ile haikujua kahawia. Ilijua nyeusi na nyeupe, basi.

"Mjukuu wangu hakukosea," Nyanya akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Ameoka vile alivyofundishwa." Akamgeukia mwenye duka. "Nipe pakiti nyingine ya unga." Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe, safari hii utaepua nikikuambia."

Betri ile haipo, duka lile halipo, na Mzee wa Mikate sijui aliishia wapi. Nyanya tulimzika kulekule Amagoro, na ninamkumbuka mpaka leo. Lakini mimi bado naoka, na watu wa pande zote mbili za mpaka wanakula mkate wangu. Kila alfajiri, nikisimama mbele ya oveni, namsikia: "Epua, mama, umeiva."

Siku hizi naepua mara moja.