Mtu wa Kukanyaga Breki

Gari langu lilianza kutikisika mwezi wa tatu baada ya mke wangu kufariki. Sisemi hivyo kwa kutafuta maana; magari hayajui misiba. Ni shangingi la dizeli la gia otomatiki, nililiendesha miaka kumi na miwili nikiwa dereva wa mradi, na mradi ulipofungwa likapigwa mnada nikalinunua mwenyewe. Hakuna nati yake nisiyoijua. Tangu liwe langu halijaguswa na fundi wa mtu, na hilo nimelitambia Kilwa Masoko nzima mpaka watu wakachoka kunisikiliza.

Ukiliwasha, usukani unatetemeka mkononi na kioo cha pembeni kinacheza hata huoni nyuma. Ukitia gia, kitu kinagonga chini ya miguu, gudu. Likishika kasi linatulia, lakini ukisimama Nangurukuru kupisha basi, linaanza upya mpaka meno yanagongana. Dereva yeyote mzoefu angekwambia ni raba za injini. Injini haikai chuma juu ya chuma. Imekalia raba mbili nene, moja kulia na moja kushoto, mafundi wanaziita mauntingi, na zikichoka injini nzima inacheza pale ilipo. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini nilianza kwa kubadilisha nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini.

Ngoja niseme kwa nini, maana ni aibu yangu. Kuzipima raba hizo kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga breki kwa nguvu zake zote, anatia gia ya mbele na kugusa mafuta kidogo, kisha anatia ya nyuma. Wa pili amefungua boneti, anaitazama injini. Raba zikiwa nzima, injini inajitikisa kidogo tu. Moja ikiwa imekatika, injini inanyanyuka upande huo kama mgonjwa anayetaka kuinuka kitandani. Peke yako unaweza kuchungulia na tochi mpaka shingo iume usione kitu, kwa sababu raba nyingi hukatikia ndani.

Mtu wangu wa kukanyaga breki alikuwa mke wangu. Hakujua kuendesha wala hakutaka kujua. Nikimwita aliacha unga wake, akafuta mikono kwenye kanga, akapanda, akavuta kiti mbele mpaka magoti yakagusa usukani. Tia mbele, anatia. Tia nyuma, anatia. Akichoka ananiuliza kama hiyo injini haijaniambia tu inaumwa wapi, miaka yote hii tunaishi nayo. Nilikuwa namkaripia asinichanganye. Mungu anisamehe, nilimkaripia sana.

Basi nikabadilisha kila kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukipima. Nozeli, chujio la dizeli, feni belti, hata vishikizo vya silensa nikavifunga upya. Nilijua sivyo vinavyoumwa. Kumwomba mtu? Mimi, niliyekuwa nawacheka wanaopeleka magari yao kwa mafundi? Na tena nilikuwa sitaki mtu mwingine akikalie kile kiti na kukivuta mbele. Hilo sikumwambia mtu, hata mwenyewe nilikuwa nalikwepa.

Siku hizohizo binti yetu, mmoja tu tuliyejaliwa, aliyeolewa Mtama, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwao kujifungua, mama yake amkande kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amfundishe kumshika mtoto. Sasa mama hayupo. Akanipigia simu, sauti imekuwa ndogo kama ya zamani alipokuwa akiomba ruhusa ya kwenda kucheza. "Baba, nije nyumbani nijifungulie huko?"

Nilitaka aje. Wallahi nilitaka. Nyumba ilikuwa imenishinda kwa ukimya. Nilikuwa nawasha redio moja jikoni na nyingine chumbani ili nisikie watu. Lakini nikajiuliza nitamkanda mimi? Mzee mzima na binti yake? Uji huo nitaupika kwa kumuuliza nani? Nikaogopa, nikakimbilia kwenye kitu ninachokijua. Nikamwambia asubiri gari litengemae nije kumfuata. Akasema haya, baba. Kwangu mimi lile neno la gari lilikuwa jibu la ndiyo.

Kila Ijumaa baada ya swala alipiga, akauliza kama gari limepona, nikamwambia bado. Ijumaa ya pili, bado. Ya tatu nikamweleza habari za nozeli kwa kirefu, akasikiliza yote. Ya tano hakuuliza tena. Alizungumzia mvua na maua ya mikorosho, mimi nikaona afadhali, leo hanisumbui.

Maji yalipozidi unga nikasema liwalo na liwe. Nikachukua mchi wa marehemu, nikaukaza kati ya pedali ya breki na kiti, injini inaunguruma, nikatia gia ya nyuma nikiwa nimesimama nje mlango wazi, halafu nikakimbilia mbele kutazama. Dereva mwenye miaka thelathini barabarani! Mwanafunzi wa udereva angefanya hivyo ningemshusha kwa kofi. Mchi ukateleza, gari likaondoka zake kinyumenyume, likaulaza ua wa makuti wa bafu na kusimama kwenye ukuta wa choo.

Jirani yangu alikuwa anaanua nguo. Ni mama wa Kimakonde, mjane kama mimi, shoga wa marehemu tangu tulipohamia mtaa ule. Alikuja taratibu. Akautazama ua, akautazama mchi uliolala chini ya pedali, akanitazama mimi. Nilijiandaa kuchekwa, maana kwa utani hana mpinzani. Hakucheka.

"Shemeji," akasema, "na mimi si nina mguu?"

Akapanda. Akavuta kiti mbele. Nilitazama pembeni mpaka alipomaliza kukivuta. Nikamwonyesha breki, nikamwonyesha gia, nikarudi kwenye boneti, na alipotia mbele tu injini ikanyanyuka upande wa kushoto, vidole vitatu vizima, ikaanguka kwa kishindo. Tulitumia dakika mbili. Wiki sita nilizunguka nikijua, na jibu likatoka kwa dakika mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimeuimba msemo huo tangu darasa la kwanza.

Alipokuwa anashuka akaniuliza binti anakuja lini, kwani yeye mafuta ya nazi ya kumsinga ameshayakamua na chungu cha kuchemshia maji amekitenga. Nikamwambia gari likipona tu. Akanitazama vilevile alivyoutazama ule mchi, akaenda kumalizia nguo zake.

Raba ziliagizwa Dar, zikafika na basi siku ya nne, na nilizifunga mwenyewe. Jeki chini ya sampo, lile beseni la oili chini ya injini, kipande cha ubao katikati sampo isibonyee, nikainua injini kidogokidogo mpaka ikaachia uzito wake. Ya kushoto ilitoka vipande viwili. Ya kulia ilikuwa bado inajikaza, nikaitoa nayo, maana mpya ikikaa na kuukuu, mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote. Nati sikuzikaza mpaka injini ilipokaa sawasawa. Nikawasha, nikaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi. Chai ikatulia tuli. Nikacheka kwa sauti, nikageuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Asubuhi iliyofuata nilikunja viti vya nyuma, nikamtandikia binti godoro, mito miwili na kanga za mama yake zilizokuwa bado kabatini. Nikamwambia jirani naenda kumleta. Binti sikumpigia, nilitaka nimshtukize. Nilitoka baada ya swala ya alfajiri, nikapita Lindi sijasimama hata kunywa chai, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Mtama.

Nilimkuta uwanjani anachambua mchele, amekaa miguu ameinyoosha, tumbo limemjaa mapajani. Shikamoo baba, marahaba mwanangu. Mimi hata sikukaa. Nilifungua mlango wa nyuma nikamwonyesha godoro, nikamwambia gari limepona, afunge nguo zake twende.

Akaendelea kuchambua. Mama mkwe wake ndiye aliyetoka na kiti, akanikaribisha kwa heshima zote, akanieleza kwa upole kwamba nesi amemkataza safari ndefu tangu wiki iliyopita, na kwamba chumba wameshamwandalia palepale. Akaingia ndani kutuletea maji, nadhani kwa makusudi.

"Baba," binti akasema, macho yakiwa kwenye ungo, "mabasi ya Kilwa yanapita kila siku. Nilikuwa nangoja useme njoo."

Nikamwambia nilisema. Akasema hapana, nilichosema mimi ni gari.

"Basi njoo," nikamwambia. "Njoo, mwanangu."

Akatikisa kichwa. "Sasa siwezi tena, baba."

Nilikula wali wao, sijui ulikuwa na mboga gani. Godoro nililishusha nikamwachia na zile kanga, nikaaga. Kutoka Mtama mpaka njia panda ya Mingoyo nililia, mtu mzima wa miaka sitini na minne, nalia kwa sauti, vioo nimevifunga. Baada ya Lindi machozi yaliisha, nikaendesha tu.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Jirani alikuwa amenifagilia uwanja, ua wa bafu umesimamishwa, maji yanachemka jikoni kwake. Aliposikia gari linaingia alitoka mbio huku akipiga vigelegele, akaufungua mlango wa nyuma, akanyoosha mkono amsaidie binti kushuka.